Kelele za Idi Pili

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alimng'ata shangazi yake mkono mbele ya mabembea ya Idi, na tangu siku ile amani ilitutoka nyumbani kwetu Makorora.

Naanza hapo kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye yale meno. Shangazi yake, yaani wifi yangu, alikuwa akimvuta ampandishe kwenye farasi wa kuzunguka. Jenereta linanguruma, spika nne kila moja na muziki wake, mtu wa maiki anaita watoto kama yuko mnadani. Mwanangu kaziba masikio, katapika juu ya gauni jipya, kisha kapiga ukelele ambao hata wanawake waliokuwa kwenye foleni walishika vifua. Wifi hakumwachia. Ndipo akang'atwa. Mie nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, nimewashikia watu soda zao, na aibu ilinigandisha miguu. Nasema ukweli: niliona aibu kwanza, huruma ikaja baadaye. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Mtoto mwenyewe tulishamjua kuwa hivyo tangu angali anatambaa. Mvua ikianza kupiga mabati, anaingia uvunguni. Kilebo cha nyuma ya shingo kwenye nguo kinamliza kama sindano. Friji ya jirani yeye anaisikia ikiwaka kabla ya mwenye friji. Daktari mmoja wa watoto alimpima, akaniambia masikio yake mazima na akili yake nzima, ila sauti na mwanga na vitu vinavyomgusa ngozi vinamwingia kwa nguvu kuliko vinavyotuingia sisi. Usimlazimishe, aliniambia. Nikarudi nyumbani na maneno yale mbio mbio, nikamweleza mama mkwe wangu, aliyekuwa kakaa kwenye mkeka anachagua mchele.

"Daktari kasoma," alinijibu bila kuinua kichwa. "Mie nimezaa sita na kuzika wawili. Mtoto huyu ana pepo, kamrithi kwetu."

Mama mkwe wangu si mtu mbaya, na ugumu wote ulikuwa hapo. Angekuwa mbaya ningemjibu, maana mdomo ninao, uliza Makorora nzima. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimpepea mtoto joto likizidi. Yeye ndiye aliyemwita "mke mwenzangu" na kumwekea mapande ya nazi kwenye pindo la khanga. Alikuwa akimpenda, na kwa mapenzi hayo hayo alitaka kumpeleka Mwera, kwa bibi mmoja mganga, akapungwe.

Kwa asiyejua, nimweleze. Mgonjwa anafunikwa shuka, anafukizwa ubani, ngoma zinapigwa karibu na kichwa chake siku saba, mpaka pepo aliyemo aseme yeye ni nani na anataka nini. Akishasema, hayo ni masharti. Jamaa wanayakubali, na mgonjwa anapata nafuu. Maalimu wa msikitini kwetu alishasema waziwazi kwamba hiyo ni shirki. Mama mkwe akasema maalimu na asomeshe, yeye mjukuu wake anaumwa.

Siku saba za ngoma kichwani! Kwa mtoto anayelia friji ikiwaka! 

Mume wangu ni dereva wa malori, huwa haonekani nyumbani ila kwa wiki mbili mbili. Nilimpigia alitetee neno hili. Akaomba simu iwekwe sauti kubwa, mama yake asikie, na hapo nilijua nimeshauzwa.

"Tufanye hivi," alisema kutoka huko Singida alikokuwa. "Idi hii mpelekeni tena kwenye mabembea. Akikaa kama watoto wenziwe, habari za Mwera zimekufa, mama. Akirudia ya mwaka jana, Idi tano unamchukua."

"Nimeridhika," akasema mama mkwe.

Mie hakuna aliyeniuliza kama nimeridhika. Lo! Mtu yuko kwenye usukani, huku anakata shauri juu ya masikio ya mwanangu.

Basi nikajipanga. Mie ni fundi cherehani, kazi yangu ni kupima kabla ya kukata, na nilisema hili nalo nitalipima. Mabembea yaliletwa kwenye malori Ramadhani kumi, wakaanza kuyafunga kwenye uwanja wa upande wa Usagara. Kila asubuhi, kabla jua halijakaza, nilimchukua mwanangu tukaenda kuangalia. Siku ya kwanza harufu ya rangi ilimshinda, tukarudi. Siku ya tatu alisimama kwenye kamba waliyozungushia mabembea. Siku ya tano aligusa farasi mmoja, wa tatu kutoka kwenye ngazi, mweupe, sikio moja limekatika. Akamchagua huyo. Mzee mmoja aliyekuwa akichomelea vyuma alituonea imani, akamruhusu apande, nami nikamzungusha kwa mkono, pole pole, huku yeye akihesabu farasi kwa sauti. Walikuwa kumi na wawili. Alipofika wa mwisho alicheka. Nilidhani nimeshinda.

Kisha nikamfundisha. Nilimwambia: ukiwa juu ya farasi, ukiona vibaya, bana meno, hesabu mpaka kumi na mbili, usipige kelele. Akaniuliza, je akimaliza na bado anaona vibaya? Nikamwambia aanze tena. Na kwa kuwa nilitaka limkae, niliongeza neno moja kila siku, kwa kinywa changu mwenyewe, na nimefunga: "Ukipiga kelele, bibi atakupeleka kwenye ngoma."

Baba yake alimtumia gauni la neti lenye vipuli vya kung'aa, aina ile ile inayowasha hata mtu mzima. Nililifumua, nikalitia bitana ya khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa laini, kila mshono nikaugeuzia nje. Mama mkwe akalifukiza udi, nami nikalianika uani siku mbili harufu iishe. Pamba za masikio nilizificha chini ya mtandio. Hakuna nilichosahau, nilijisifu hivyo.

Nilisahau kimoja. Ilikuwa Ramadhani! Mji mzima ulikuwa umezima miziki, watu wanasema chini chini, wenye spika wamezifunika. Nilimzoesha mwanangu uwanja uliofunga saumu. Hata siku moja haikunipitia kichwani kwamba Idi ikiandama, uwanja nao utafungulia.

Idi mosi tulitoka baada ya adhuhuri: mama mkwe, wifi yangu, mtoto na mie. Njia nzima watoto wa watu wanakimbia na miwani yao ya plastiki na midomo myekundu. Wangu kanishika kidole kimoja, kama kawaida yake. Hatujafika hata kona ya mwisho, singeli ikatupokea. Niliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Kidole changu kikabanwa.

"Mama, ni palepale?"

"Ni palepale, mwanangu."

"Nani kapaudhi?"

Wifi yangu alikuwa nyuma yetu na simu mkononi, ameshaanza kurekodi. Mkono wake una kovu la meno mpaka leo. Mama mkwe alinitazama mie, hakumtazama mtoto. Nikainama nikamnong'oneza mwanangu: "Farasi wako yuko pale, unamwona? Bana meno." Akaenda. Alipanda ngazi mwenyewe, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akakaa juu ya mweupe.

Mashine ikawashwa. Alizunguka na uso ule ule, kila akipita mbele yangu midomo inahesabu. Mama mkwe alipoona hakuna kilio, furaha ikamjaa akapiga vigelegele, na nilimwona mwanangu akiruka juu ya farasi kwa sauti ile kisha akatulia tena. Hakupiga kelele. Watoto wengine walipiga, wa raha na wa hofu, wangu peke yake ndiye hakufungua mdomo.

"Umeona?" mama mkwe aliniambia akinikumbatia. "Mzima! Mjukuu wangu mzima!"

Nyumbani nilimvua gauni. Ile bitana ya khanga ilikuwa imelowa mkojo mpaka kiunoni. Ndani ya shavu alikuwa amejing'ata nyama, mtandio una damu upande mmoja. Chini ya kucha zake zote kumi mlikuwa na rangi nyeupe ya farasi. Nikamwambia, "Umeweza, mwanangu," naye hakunijibu. Hakusema neno siku ile, wala asubuhi yake. Nilimwekea uji na kitumbua, akavitazama tu.

Nilikaa kitandani nikalia, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mama mkwe wangu alitaka kumpeleka mtoto akatiwe ngoma masikioni mpaka anyooke. Mie nilimpeleka mwenyewe, tena nikamziba na mdomo.

Saa nne mama mkwe akabisha mlangoni, kajipaka hina, anang'aa. "Jiandaeni! Leo Idi pili, shangazi zake wa Pangani wanakuja. Nimewaambia waje wamwone mke mwenzangu anavyopanda farasi."

Ningesema nini? Nikisema hawezi, nimekubali kwamba ni mgonjwa, na safari ya Mwera ipo. Nikisema ameweza, basi aende aweze tena, na Idi tatu, na Idi nne. Nilikuwa nimeingia kwenye mtego kwa miguu yangu, na mtoto nimembeba mgongoni. Nikamvika gauni la pamba, wakalalamika, nikasema la neti limelowa. Lilikuwa limelowa kweli.

Safari hii alianza kuhesabu tukiwa bado mtaani kwetu. Moja, mbili, tatu, kwa kunong'ona, meno yamebana hata taya zinatetemeka. Shangazi wa Pangani wakamsalimia, hakuitikia wala hakutoa shikamoo, mama mkwe akacheka kwamba mke mwenziwe ana maringo ya Sikukuu. Akapandishwa. Farasi yule yule. Mtu wa maiki akapaza, "Watoto mpooo?" na mwendesha mashine akaongeza mwendo.

Mzunguko wa tatu nikaona damu. Ilikuwa mstari mwembamba, kutoka kwenye mdomo mpaka kidevuni. Mzunguko wa nne nikaona macho yake. Yalikuwa wazi lakini hayakuwa na mtu, na midomo ilikuwa imeacha kuhesabu.

Ndipo nikapiga kelele mie.

Sijui niiseme vipi sauti ile. Ilitoka chini ya kitovu. "Zimeni! Zimeni! Zimeni!" Nikaruka kamba, mtandio ukabaki kwenye nguzo, nikaanguka, nikainuka, nikashika miguu ya farasi wa kwanza aliyenifikia, akaniburura. Watu wakapiga mayowe. Mashine ikasimamishwa, halafu mtu akazima na jenereta, na uwanja wote ukawa kimya. Nami bado nilikuwa napiga kelele. Nilitaka kuacha, wallahi, sikuweza.

Nilimwagiwa maji. Mtu akasema, "Huyu mama ana kitu." Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa mapajani pa mama mkwe. Alikuwa ananifuta uso kwa khanga yake, na usoni alikuwa na huruma, na ndani ya huruma mlikuwa na kitu kama furaha.

"Kumbe ni weye," alisema. "Masikini mwanangu! Kumbe ni weye. Pepo mtoto kampata kwenye maziwa yako."

Mwaka mzima pepo alikuwa wa ukoo wao, ghafla kawa wa kwetu! Siku nyingine ningemcheka. Lakini nilimtazama mwanangu, aliyekuwa kateremshwa na yule mzee mchomeleaji, kasimama peke yake na mikono masikioni, na nikaona mlango umefunguka. Nilichotakiwa kufanya ni kutokukanusha. Nikafumba macho tena.

Idi tano nilipelekwa Mwera mie, mama mkwe akanisindikiza na kukaa nami. Mtoto alipelekwa Muheza kwa mama yangu mzazi, maana mama mkwe mwenyewe alisema asikae karibu nami mpaka mambo yaishe. Nilikwenda nikiwa na jeuri. Siku saba ni nini? Nitalala chini ya shuka, nitatikisa mabega kidogo, nitarudi.

Mganga alikuwa bibi mpole, mikono ya baridi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanilaza kwenye mkeka ndani ya kibanda cha makuti kati ya minazi, akanifunika. Baada ya alasiri ngoma zikaanza. Zilikuwa tatu, mbili masikioni na moja utosini. Nilihimili siku ya kwanza. Siku ya pili nilisikia kila ngozi ya ngoma kwenye meno yangu. Moshi wa ubani uliniwasha machoni, shuka ikanikwaruza kila mahali, na yule bibi anauliza, sauti yake ile ile ya upole: "Nani weye? Wataka nini?"

Nikabana meno. Nikahesabu mpaka kumi na mbili. Nilipomaliza nikaanza tena.

"Huyu mkaidi," nilimsikia akisema. "Ongezeni ngoma."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia mwanangu. Ukinyamaza, wanaongeza. Nililia chini ya shuka kwa ajili yake, na wapigaji wakaona shuka inatikisika wakadhani pepo anakuja.

Siku ya tatu nilisema. Aliuliza wataka nini, nami nikafungua mdomo, na iliyotoka ilikuwa ile sauti ya uwanjani.

"Sitaki mtoto apandishwe farasi. Sitaki ngoma wala spika karibu na kichwa chake. Sitaki nguo za kumkwaruza. Asemeshwe taratibu. Atakayemlazimisha, namwandama yeye na kizazi chake."

Ngoma zikanyamaza. Nikasikia magoti ya mama mkwe yakigonga sakafu.

"Tumesikia," alisema. "Tumesikia, mkubwa. Tutafanya."

Miaka minane nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ya mama yule, nimepika, nimefua, nimemweleza maneno ya daktari mara mia, hata siku moja hakuniambia amesikia.

Na masharti kayashika kweli, lazima nimpe haki yake. Leo yeye ndiye anayekata vilebo vya nguo kwa mkasi wangu. Yeye ndiye aliyewatoa mbio vijana wa matarumbeta ya harusi, wakapita mtaa wa pili, bibi harusi na wote. Jirani akifungulia redio, anakwenda mwenyewe kugonga. Mabembea hatujaenda tena. Binti yangu ana miaka tisa sasa, anasoma, anachora farasi, anacheka, na akichoka na watu anaingia chumbani kwangu na hakuna anayemfuata.

Lakini nami nilipewa sharti langu. Yule bibi aliniambia siku ya saba, ameshanishika mkono tuagane: pepo sasa kapewa kiti, na kiti chenyewe ni mie, na kila mwaka baada ya Idi nirudi apigiwe ngoma zake. Mwaka nitakaokosa, atamrudia mtoto niliyemnyonyesha. Mama mkwe alikuwa ameketi hapo hapo, akasikia. Yeye hasahau mwaka.

Nimekwenda mara tatu. Rafiki yangu mmoja nimemwambia kwamba nilikuwa naigiza, tukacheka mpaka machozi. Sikumwambia yaliyobaki. Sikumwambia kwamba mwaka wa pili ile sauti ilikuja kabla sijaiita, na ilisema mengine nisiyoyajua. Sikumwambia kwamba siku hizi friji ya jirani naisikia nami, na shuka mpya siwezi kulalia. Naogopa. Nalisema wazi kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Ramadhani hii, siku ya kumi, nilikuwa barazani nashona. Malori ya mabembea yakapita barabarani kwetu, vyuma vinagongana. Mguu wangu ukasimama juu ya cherehani, taya zikajibana zenyewe, sindano sikuiona tena. Binti yangu alikuwa kakaa mkekani na daftari lake. Alinitazama, akainuka, akaingia ndani. Akarudi na pamba, akanitia sikio moja, akanitia la pili, akanifunika mtandio vizuri juu yake.

"Bana meno, mama," aliniambia. "Hesabu mpaka kumi na mbili. Ukimaliza, anza tena."